Sentensi Niliyoisahihisha

Molo,
10 Juni, 1957

Mwanangu Wachuka,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wanafunzi wako, nikitumaini kwamba vumbi la Nakuru halijakurudishia kile kikohozi. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo kwa baridi ya mwezi huu yanalia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Viazi vimetoka vizuri. Juzi nilipalilia kaburi la marehemu mke wangu Wangare, na ile nafasi iliyo kando yake, ambayo misheni imeniwekea mimi, nimeipanda maua meupe ili isikae wazi. Cheti changu cha kukaa Molo kimeongezwa mwaka mmoja tena kwa sababu ya barua ya misheni. Majirani zangu watatu wa kabila letu hawakupata. Milango yao imepigiliwa mbao, nami nikipita hapo huvua kofia, sijui kwa nini.

Sasa nije kwenye kitabu cha mchezo wako, na kwanza niombe radhi kwa kukaa nacho wiki tatu. Nimekisoma mara mbili. Mpishi anashtakiwa kwamba amevunja saa ya mwenye shamba. Kila mtu shambani anajua kwamba aliyeivunja ni nyapara. Wanapoitwa mbele ya baraza, kila mmoja anaapa kusema kweli, kisha anatazama viatu vyake. Ni mchezo mzuri, mwanangu, nao haumwachi mtu akae kitini kwa raha.

Utanisamehe kwamba nimekisahihisha kwa penseli nyekundu, kama nilivyofanya madaftari kwa miaka thelathini na minne. Mengi ni madogo. Lakini katika ukurasa wa kumi na tisa nimethubutu kufanya zaidi. Mke wa mpishi anapowageukia watazamaji, uliandika: "Sisi sote tuliapa kwamba tutasema kweli yote, na sisi sote, tulipofika mbele ya baraza, tulinyamaza." Niwie radhi, sentensi hii inachechemea. Mwigizaji ataishiwa pumzi kabla hajafika penye uchungu. Nimeikata na kuandika juu yake: "Sote tumekula kiapo, na sote tumenyamaza." Ni fupi, ina mizani, na mtu ataondoka nayo nyumbani.

Ukiona nimevuka mpaka, ifute. Mzee aliyezoea kusahihisha hawezi kusoma hata tangazo la ng'ombe aliyepotea bila kutafuta penseli.

Mjomba wako,
Hiram Thuo


Nakuru,
2 Julai, 1957

Mpendwa Mjomba,

Salamu zako zimenifikia pamoja na kitabu, na kikohozi hakijarudi. Pole kwa magoti. Nimekutafutia soksi za sufu kwa Mhindi wa karibu na stesheni, zitakuja na mtu wa kwanza atakayepanda Molo.

Hukuvuka mpaka hata kidogo. Jumamosi tulijaribu sentensi yako katika ukumbi wa Bondeni, na laiti ungalikuwepo! Mke wa mpishi ni Cheptanui, yule msichana wa huko kwenu anayefanya kazi ya kufua hospitalini. Nyapara ni Bashir Darweshi, fundi wa nguo, ambaye hushona mavazi yetu na kututukana bila malipo. Asubuhi nzima alikuwa akimchokoza mwenzake.

"Cheptanui, unalia kama mtu aliyekanyagwa sokoni. Mumeo anafungwa, bibi, si kidole cha mguu."

"Na wewe unyapara umekukaa vizuri mno, Bashir. Nani alikufundisha kuonea watu?"

"Wateja wangu. Kila mmoja anataka suruali yake Ijumaa."

Basi Cheptanui akasimama mbele, akasema: "Sote tumekula kiapo, na sote tumenyamaza." Bashir aliweka sindano chini. Ndung'u, ambaye ndiye mpishi, alikohoa, akaniuliza polepole, "Mwalimu, hiyo itapita ofisini?" Nikamwambia imeandikwa na mwalimu wa misheni wa miaka thelathini na minne, kwa nini isipite? Akasema, "Haya."

Mashine ya taipu ya shule imeharibika, kwa hiyo sikupata kunakili kitabu upya. Nimepeleka hicho hicho chenye alama zako kwenye ofisi inayotoa ruhusa za michezo. Tutacheza tarehe 27. Mwisho wa mchezo Cheptanui atawauliza watu, "Nani kati yenu angesimama?" kisha atangoja. Hatutafunga pazia mpaka mtu asimame au mpaka wachoke.

Niombee. Nina hofu ya kawaida ya mtunzi, kwamba penye kucheka watu hawatacheka.

Binti wa dada yako,
Wachuka


Molo,
5 Agosti, 1957

Mwanangu Wachuka,

Natumaini hujambo. Hapa mvua ya mawe imepiga viazi, lakini vilivyo ardhini havikuumia.

Nimengoja habari za tarehe 27 kwa hamu isiyomfaa mtu wa umri wangu. Dereva wa lori la maziwa ameniambia kwamba jioni ile alipita Bondeni akaona ukumbi una kufuli na askari wawili mlangoni. Nilimwambia bila shaka amekosea ukumbi. Naomba unihakikishie kwamba amekosea ukumbi.

Samahani kwa kukusumbua.

Mjomba wako,
Hiram Thuo


Nakuru,
26 Agosti, 1957

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima. Pole kwa viazi.

Mchezo umeahirishwa kidogo. Usiwe na wasiwasi, mambo ya ukumbi huchelewa.

Nina ombi moja. Macho yangu yamekuwa yakiniuma, na maandishi ya mkono yananitesa. Tafadhali, Mjomba, kuanzia sasa barua zako mwombe karani wa misheni azipige taipu. Hata jina lako mwishoni, lipigwe taipu. Mkono wako nao uupumzishe kabisa. Nakuomba usilisahau jambo hili.

Wachuka


Molo,
9 Septemba, 1957

Mwanangu Wachuka,

Barua hii, kama ulivyoagiza, imepigwa taipu na Karani Kipkemei, ambaye anakusalimu na anaomba usamehe herufi R, kwa kuwa imekatika. Pole sana kwa macho. Kuna dawa ya matone katika zahanati yetu, nitaomba chupa moja.

Sitaficha kwamba nilihuzunika kidogo. Mwandiko wangu haujawahi kumuuma mtu macho. Wavulana wa misheni walikuwa wakiuiga, hasa ile K yangu yenye mkia unaorudi chini ya neno zima, wakajisifia nayo hata baada ya kuajiriwa. Lakini hayo ni majivuno ya mzee, nisamehe.

Kuna jambo jingine. Bahasha yako ya mwisho ilifika ikiwa imefunguliwa, kisha imebandikwa tena kwa gundi nyingi. Nimeitazama ile ya Julai: hiyo haikuguswa. Ulisema mchezo umeahirishwa "kidogo". Wewe si mtu wa kusema "kidogo". Ulipovunjika mkono ukiwa na miaka minane ndipo uliponiambia neno hilo, nami nalikumbuka. Je, shule inakwendaje? Naomba unijibu hilo peke yake.

Mjomba wako,
Hiram Thuo


Nakuru,
30 Septemba, 1957

Mpendwa Mjomba,

Asante kwa taipu. Mwambie Karani Kipkemei kwamba R yake haina neno.

Shule inakwenda vizuri. Mimi nimepewa likizo. Pasibuku yangu iko ofisini, inaangaliwa, na bila pasibuku siruhusiwi kutoka mtaani, kwa hiyo nimepata nafasi ya kufua mapazia. Bashir huniletea unga na matusi. Jana aliniambia, "Mwalimu, sasa kwa kuwa huna kazi, njoo ushone vifungo, ujue shida ya wanaume."

Tafadhali usije Nakuru. Safari ni ndefu na magoti yako hayafai. Cheptanui anakuja kumwona mama yake wiki ya kwanza ya Oktoba, atakuletea soksi. Usimuulize habari za mchezo, atakuchosha tu.

Wachuka


Molo,
21 Oktoba, 1957

Mwanangu Wachuka,

Salamu nyingi. Cheptanui alifika tarehe 5. Soksi zimenienea sawasawa, Mungu akubariki. Tulikunywa chai, tukazungumza.

Viazi vya pili vimepandwa. Baridi imepungua.

Sina mengine ya kuandika leo, naomba radhi.

Hiram Thuo


Nakuru,
4 Novemba, 1957

Mpendwa Mjomba,

Barua yako ilikuwa fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia, kwa hiyo najua alikwambia. Nilimwomba asiseme.

Nimeitwa mbele ya afisa tarehe 18 mwezi huu. Huenda nikahamishwa. Sijui ni wapi. Ikiwa hivyo, Bashir ana ufunguo wa sanduku langu la vitabu, naomba ulipokee wewe.

Nimeshawaambia kwamba kitabu chote nilikiandika mimi, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa rangi zote. Nitasema hivyo hivyo tena. Usifanye lolote, Mjomba. Kaa Molo. Una maua ya kumwagilia.

Binti wa dada yako,
Wachuka


Molo,
15 Novemba, 1957

Mwanangu Wachuka,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, na safari hii sikuulizi habari za afya, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiharibu.

Utaona kwamba barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, tena kwa penseli nyekundu. Bwana atakayeisoma kabla yako hatapata shida ya kulinganisha. Namwomba radhi yeye pia, kwa urefu wa barua.

Nianze na Cheptanui. Uliniambia nisimuulize, nami nilimuuliza kabla chai haijapoa.

"Mzee," akasema, "mwalimu ameniapisha nisiseme." Kisha akashika mdomo. "Unaona? Hata neno lenyewe sasa linaniogopesha."

"Neno gani, binti yangu?"

"Lako. La ukurasa wa kumi na tisa."

Akanieleza yote. Kwamba ofisini walifungua ukurasa ule wakasoma, "Sote tumekula kiapo, na sote tumenyamaza," wakafunga kitabu, wakafunga ukumbi. Kwamba wanasema msichana wa kuyatunga maneno hayo hayupo, lazima kuna mtu mzima nyuma yake anayemwandikia kwa rangi nyekundu. Kwamba tangu katikati ya Agosti barua zako zote zinafunguliwa ili mkono huo utafutwe. Macho yako hayana ugonjwa wowote. Ulikuwa ukinificha ndani ya mashine ya Karani Kipkemei, nami nikakulalamikia kwa ajili ya K yangu.

Mwanangu, hakuna mtu wa kabila letu aliyeishi miaka hii mitano asiyejua kwamba kula kiapo ni kuapa na wapiganaji wa msituni. Watu wamepelekwa kambini kwa maneno hayo mawili. Ndung'u alikohoa mara moja tu, akayaelewa. Na mimi ninayejiita mwalimu niliyatazama nikaona mizani. Niliangalia lugha, sikuangalia mwaka. Wewe uliandika kwamba watu waliapa kusema kweli. Mimi nikaifuta kweli, ili sentensi iwe fupi.

Na sasa nije kwenye jambo ninaloona haya zaidi. Cheptanui alinieleza tarehe 5 Oktoba, nami nilikaa na habari hiyo zaidi ya mwezi. Nilikuandikia habari za soksi. Kila siku ya kwenda stesheni nilipata kazi nyingine. Nilijiambia mvua, nikajiambia magoti. Kweli ni kwamba nilikuwa naogopa kunyang'anywa cheti changu cha kukaa hapa, nikarudishwa rizavu, eneo lililotengewa kabila letu, ambako sina mtu anayejua jina langu, na Wangare akabaki peke yake Molo. Nilikuwa nimekaa katika mchezo wako, nikitazama viatu vyangu. Barua yako ya tarehe 4 ndiyo iliyoninyanyua. Uliandika, "kwa rangi zote." Nilipoyasoma hayo sikuweza kukaa tena.

Juzi nilipanda treni. Nilifika ofisini Nakuru saa tatu asubuhi, nikavua kofia, nikamwambia karani wa mlangoni kwamba maandishi mekundu katika kitabu cha mchezo ni yangu.

Akacheka. "Mzee, wewe ni wa tatu mwezi huu. Kila mfungwa ana mjomba. Wajomba wamekuwa wengi kuliko wahalifu."

"Mimi ni mjomba wa kweli."

"Wote ni wa kweli. Rudi Molo ukaote moto."

Nilikaa kwenye benchi mpaka saa saba. Naomba uniamini kwamba sikufanya ushujaa wowote. Nilikaa kwa sababu treni ya kurudi ilikuwa jioni. Mwishowe afisa mwenyewe alitoka, akauliza mzee huyu ana shida gani. Karani akamweleza huku akitabasamu. Afisa akasema basi, aandike, tuone. Nikapewa kalamu ya wino, karatasi tupu, na tangazo lililobanduliwa ukutani ili nilinakili.

Sasa, Wachuka, tangazo lile lilisema: "Watu wote hairuhusiwi kupita hapa, na kila mtu alete vitabu yake."

Nakuapia, kama neno hilo bado naruhusiwa kulitumia, sikukusudia lolote. Nilisoma mstari ule na mkono wenyewe ukaingia mfukoni, ukatoka na penseli. Nilipokumbuka niko wapi nilikuwa nimeshafuta "hairuhusiwi" na kuandika "hawaruhusiwi", nimefuta "vitabu yake", na juu yake, kwa rangi nyekundu, kwenye tangazo la serikali, yalikuwa yamekaa maneno "kitabu chake", yenye K ambayo mkia wake ulirudi chini ya neno zima.

Karani aliacha kucheka. Afisa alilichukua tangazo akaliweka kando ya ukurasa wa kumi na tisa. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaniuliza kwa nini niliandika kwamba watu wamekula kiapo.

"Kwa sababu ya mizani, Bwana."

Karani akatafsiri, na afisa akataka kujua ni mizani gani, iko wapi, na nilikuwa napima nini. Ilichukua nusu saa kuwaeleza kwamba sentensi nayo ina uzito. Nilimwonyesha maneno yako chini ya mkato wangu, kwa maana penseli haifuti kabisa, na karani akayasoma kwa sauti: kwamba wote waliapa kusema kweli yote. Afisa akaomba yasomwe tena. Akaandika jambo katika faili lako, kisha akachukua faili jipya, lisilo na kitu, akaandika jina langu juu yake.

Haya ndiyo aliyoniambia, nami nakupa kama nilivyoyasikia. Uende tarehe 18 kama ulivyoitwa. Utarudishiwa pasibuku, na shule itaandikiwa barua. Kuhusu mchezo, wataamua mwaka ujao. Cheti changu alikitia katika lile faili jipya. Natakiwa niwe nimetoka Molo kabla ya mwaka kwisha. Nilimshukuru, kwa kuwa sikujua neno jingine la kusema. Karani alinifungulia mlango, akaniambia polepole, "Mwalimu, lile tangazo nililiandika mimi." Nikamwomba radhi.

Nina hofu, mwanangu. Nina umri wa miaka sitini na tisa, na huko niliondoka nikiwa kijana. Nisipokuambia hili nitakuwa nimeanza tena kukuandikia habari za soksi. Usijilaumu kwa lolote. Cheptanui amekubali kupalilia kaburi kila ajapo kwa mama yake, na nimemwambia ile nafasi ya kando aiache na maua, yaenee yatakavyo.

Nimebakiwa na ombi moja. Mtakaporuhusiwa kucheza, rudisha sentensi yako kama ulivyoiandika, bila kupunguza hata neno. Mwambie Cheptanui avute pumzi pale penye "kweli yote", kisha aendelee. Nimeijaribu mimi mwenyewe leo asubuhi, nikiwa nimesimama, kwa sauti. Nilikosea. Pumzi inatosha.

Mjomba wako,
Hiram Thuo